Shilingi ya Waziri

Mtu anayekuja kukutisha kwa ukali ana nafuu, maana unajua pa kukimbilia. Wale wageni wawili waliofika kwa Mwantumu Jumatatu asubuhi walikuwa na adabu kupita kiasi. Walivua viatu mlangoni, wakasifu mpunga ulioanikwa kwenye majamvi, wakaulizia hali ya watoto. Hawakusema wametoka ofisi gani. Mmoja alifungua daftari, akauliza kama mtu anayeulizia bei ya ukindu:

"Mama mzazi wa mheshimiwa alizaliwa wapi hasa?"

Mwantumu alitupia jicho pazia la ndani. Bi Mwamvua, mama mzazi wa mumewe, alikuwa chumba cha pili akichambua mchele, na hakuna mtu upande ule wote wa Salale asiyejua kwamba bibi huyo alizaliwa ng'ambo, akavushwa mto Ruvuma mgongoni kwa mama yake, walipokuwa wakiwakimbia Wareno.

"Hapahapa," akasema.

"Hapahapa," mgeni akaandika, akatabasamu. "Tunauliza tu, mama. Mheshimiwa akishikashika mambo huko Dodoma, watu nao huanza kuuliza maswali. Mwambie."

Wakavaa viatu vyao wakaenda. Chai hawakuigusa. Kule chumbani mchele ulikuwa umeacha kuchambuliwa.

Mumewe, Bwanaheri, huo ulikuwa mwaka wake wa tatu bungeni. Chama chake kilipata viti kumi na kimoja tu, vyote vya mwambao, na wakubwa wa Dodoma walikiita chama cha pweza. Yeye hakujali. Alikuwa na jambo moja tu lililompeleka kule. Serikali ilimkubalia mwekezaji achimbe mabwawa ya kufugia kamba delta nzima, na mabwawa hayo yangemeza mikoko pamoja na mashamba ya mpunga ambayo watu wameyalima tangu enzi za mababu. Ndilo soko huria, waliambiwa. Watu wa Salale walisema mradi ni wa kamba na kweli wamepigwa kamba. Utani wao ulikuwa mzuri, lakini wapima ardhi walikuwa bandarini Nyamisati na boti yao, wakingoja bajeti ya wizara ipite ndipo waje kupigilia vigingi.

Kabla ya kuondoka, Bwanaheri alimweleza mkewe jikoni, huku akimenya muhogo. "Bungeni kuna kitu kinaitwa kushika shilingi. Waziri akiomba fedha zake, mbunge anasimama anasema: katika mshahara wako natoa shilingi moja, siirudishi mpaka unijibu. Siyo hela ile, Mama Warda. Ni kama kumshika mtu kanzu asiende zake."

"Na akiikung'uta kanzu?"

"Nitaishika kwa meno."

Wakacheka wote wawili. Ndicho kicheko cha mwisho alichokikumbuka.

Jumanne Bwanaheri akasema maneno hayo mbele ya Bunge zima. Salale walisikia habari zake kupitia redio ya Muhidini, binamu yake, ambaye betri zake alikuwa akizianika juani kutwa ili zivute taarifa ya habari ya saa kumi. Siku hiyo betri zilivuta robo tu. Redio ikakoroma, ikasema "mbunge huyo," ikakoroma tena, ikasema "atashika shilingi ya waziri," ikakoroma, "mradi wa kamba," kisha ikanyamaza kabisa.

Baada ya swala ya alasiri Mwantumu aliona watu wakija kwa njia ya mgombani. Wengi walikuwa wametoka kuvuna, wana mapanga na miundu, na hilo peke yake halikumtisha. Kilichomtisha ni kwamba hakuna aliyepiga hodi.

"Shemeji," Muhidini akasema. "Mumeo kashika shilingi ngapi?"

"Shilingi gani?"

"Ya waziri! Redio imesema. Tena kwa mdomo wake mwenyewe anatangaza, hata haya hana. Sie tumempa kura, yeye katuuza na mashamba yetu!"

"Si hela, jamani. Ni maneno ya Bunge, ni kama kumshika mtu kanzu..."

Kicheko kilichomjibu hakikuwa cha furaha. "Shilingi isiyo hela!" mtu akapiga kelele. "Basi na miye nina samaki asiye kitoweo!" Mwingine nyuma akasema, bila kupaza sauti, "Mtoto wa mtu wa kuja, uchungu wa nchi hii ataupata wapi?"

Nyuma ya pazia Bi Mwamvua alikuwa akisoma Ayatul Kursi. Asubuhi ya jana swali lile liliulizwa na serikali, na leo linaulizwa na majirani. Walishuka hadi ufukoni, wakautoboa mtumbwi wa Bwanaheri kwa shoka. Muhidini akarudi mlangoni, jasho linamtiririka.

"Airudishe, shemeji. Tunampa mpaka kesho kutwa. Asiporudisha, hatutakuwa na maneno tena, tutakuwa na moto."

Usiku ule Mwantumu hakulala, wala sina haja ya kuusimulia. Alfajiri, maji yalipojaa, alipanda boti ya abiria mpaka Nyamisati. Wapima ardhi walikuwepo, wamekaa juu ya masanduku yao wakicheza karata. Akapata lori la mkaa, akaingia Kibiti adhuhuri na mavumbi mpaka kwenye kope. Akapanga foleni kwenye chumba cha simu, na saa nane, wakati wabunge wamepumzika, akaipata nyumba ya wageni aliyofikia mumewe Dodoma.

"Mama Warda!" Sauti ya Bwanaheri ilikuwa changa, ya kijana aliyefunga bao. "Waziri kaniita asubuhi. Yuko radhi awarudishe wapima wake, asimamishe mradi mwaka mzima, mpaka waje wakae na wanakijiji. Anataka tu niiachie shilingi leo jioni. Nimemwambia atamke kwanza mbele ya Bunge. Nikikaza mpaka jioni tumeshinda!"

Mwantumu alifumba macho. Nyuma yake mtu wa foleni alikohoa.

"Rudisha hiyo shilingi, Baba Warda."

"Nini?"

"Irudishe. Wamekuja nyumbani na mapanga. Wametoboa mtumbwi. Wamesema watatuchoma moto."

"Kina nani? Watu wa serikali?"

"Watu wetu. Muhidini ndiye aliyewaongoza."

Sauti ya Bwanaheri ilikuwa imetokwa na ule ujana. "Muhidini? Watu wa Salale wenyewe ndio wanaotaka niiachie?"

Hapo ndipo palipohitajika neno moja. Hawajaelewa. Neno hilo tu, na Mwantumu alikuwa nalo mdomoni. Lakini alimjua mumewe. Angesema hivyo, Bwanaheri angekaza mpaka jioni, angeshinda, na ushindi wake ungefika Salale kwa betri zilezile za Muhidini. Aliona moto ukipanda makuti, na Bi Mwamvua akitolewa nje bila kanga. Hofu ni kitu kibaya sana. Humfanya mtu aseme kweli tupu huku akidanganya.

"Wote," akajibu. "Wote wanataka uirudishe."

"Basi. Kama wenye mashamba wamesema," akasema Bwanaheri, na simu ikakatika.

Alilala Kibiti kwa dada yake. Saa mbili usiku redio ya jirani, yenye betri mpya, ilisema kila kitu bila kukoroma: mheshimiwa amerudisha shilingi, bajeti imepita. Alhamisi, Nyamisati, wapima ardhi walikuwa wameacha karata. Walikuwa wakipakia.

Boti ya abiria ilipokata kona ya mwisho kwenye mikoko, Mwantumu alisikia ngoma. Akafikiri ni msiba. Kisha akasikia vigelegele.

"Karudisha!" wanawake walimpokea kwenye matope, mmoja akamvika kanga mpya mabegani. "Mumeo karudisha!"

Muhidini alikuja kichwa chini, na pishi ya mchele mpya mkononi. Mtumbwi ulikuwa tayari umezibwa ubao. "Shemeji, tusamehe. Mtu kushika pesa ya mkubwa kisha akaitema kwa ajili ya wenziwe, huyo ni wa peponi. Akija tutambeba mabegani tangu hapa mpaka msikitini."

Mwantumu aliupokea mchele. Alitaka kusema, akaogopa. Akasema moyoni, kesho. Akasema, akija mwenyewe atawaeleza.

Ndipo mashine ikasikika mtoni, na boti ya wapima ikatokeza.

"Hao!" Muhidini akapiga makofi. "Wamesikia! Wanakuja kuaga!" Akaingia majini mpaka kiunoni, akakamata kamba ya boti, akaivuta ufukoni kwa mikono yake. Wanaume wengine wakamfuata, wanacheka, wanawasalimu wageni kama wakwe. Wakaanza kupokea mizigo. Mzigo wa kwanza aliotwishwa Muhidini begani ulikuwa fungu la vigingi, rangi nyekundu haijakauka bado, ikampaka shingoni.

"Muhidini," akaita Mwantumu.

Ngoma ikaimeza sauti yake. Alikuwa peke yake, mapanga yalikuwa palepale viunoni, na nyumba yake ilikuwa ya makuti vilevile. Akaita tena kwa nguvu, mpaka ngoma ikasimama.

"Hawakuja kuaga. Ile shilingi haikuwa hongo. Alikuwa amewashika nayo hawa wasije, na jana jioni ilibaki kidogo tu ashinde."

Muhidini aligeuka, vigingi begani.

"Sasa kwa nini kaiachia?"

"Mlisema airudishe," akasema Mwantumu. "Na mimi nikampigia simu nikamwambia."

Hakuna aliyenyanyua panga. Hilo alilolihofu siku tatu halikutokea, na sasa aliona afadhali lingetokea. Muhidini alibaki amesimama majini na mzigo wake, mpaka mmoja wa wapima akamwambia kwa upole asogee kidogo, apishe na vingine vishuke.