Mikebe ya Aiskrimu

Sijapoa. Leo ni Jumatatu, siku ya tatu, na bado sijapoa, na yeyote anayetaka kuniambia "Mbinya, yaishe" akae na ushauri wake huko huko. Hasira hasara, wanasema. Sawa, lakini mimi hasara ilitangulia, hasira ikafuata.

Lishike hilo jina, Mbinya, kwa sababu ndilo lililoleta vita. Mimi ni Mkamba wa Makueni, nimeolewa na Naftaly mwaka wa kumi sasa, na tunaishi Baba Dogo. Kila tarehe ishirini na sita Desemba tunaenda Buruburu kwa mama mkwe wangu, ukoo mzima, tunakula chini ya hema linalofungwa nje ya geti yake. Mama mkwe anaitwa Nduta, na ana desturi yake moja. Kabla ya maombi anazunguka meza polepole, anafunua kila sufuria na kumtaja aliyepika. "Mukimo huu ni wa Eve. Kuku huyu ni wa Waringa." Aliyetajwa anapigiwa makofi. Hata jirani aliyeleta sahani moja ya kachumbari anatajwa, kachumbari yenyewe nyanya tatu na kitunguu!

Mimi nilitajwa mara moja tu. Ilikuwa Desemba ya kwanza ya ndoa, nikiwa na mimba kubwa, nikaleta chapati. Mama alifunua akasema, "Chapati hizi ni za Mbinya wetu." Wetu! Nililia kwa furaha mpaka Naftaly akaona aibu. Mwaka uliofuata nilirudi na mtoto mgongoni na chapati nyingine. Mama akafunua, akatazama, akafunika, akapita. Tangu hapo ni miaka tisa. Nikipika, chakula changu hakina mwenyewe. Baadaye nikaacha kupika, nikawa mtu wa kumenya viazi na kuosha sufuria huko nyuma. Nilimuuliza Naftaly, si mara moja, nimemkosea nini mama yako? Akaniambia, "Mama ndivyo alivyo. Zoea."

Sasa mwaka huu Eve, dada yake Naftaly, akaandika kwenye kundi la familia kwamba ovena yake imeharibika, hakutakuwa na keki. Kabla mtu mwingine hajagusa simu nikaandika: "Kitu kitamu cha kumalizia niachieni mimi." Mama akajibu kwa kidole gumba. Kidole tu, bila neno, lakini nilikitazama kile kidole siku nzima. Safari hii atanitaja, nikasema. Atafanya nini? Watu wote watakuwa wanangoja kitu kitamu, hawezi kupita.

Ovena sina, na sikuihitaji. Mama yangu mzazi, Nzembi, alikuwa amenitumia katoni ya maembe kutoka nyumbani, yale yaliyoivia mtini. Ni kazi rahisi. Unasaga maembe. Unapiga krimu mpaka isimame yenyewe, na kama huna mashine unaipiga kwa uma mpaka mkono ufe ganzi, kama nilivyofanya mimi. Unamwaga maziwa mazito ya mkebe, unakoroga. Kisha unapanga biskuti chini, unamwagia, unapanga nyingine, unamwagia, mpaka chombo kijae, halafu unagandisha usiku kucha. Joto lile la Desemba, watu wamekula nyama wanatoka jasho, unawapa kitu baridi cha embe! Binti yangu Tiffany ndiye aliyepanga biskuti, na kila alipopanga tatu alikula moja.

Hapa ndipo nilipokosea, na nakiri mwenyewe kabla hujaniambia. Niliiweka kwenye mikebe miwili ya aiskrimu. Nyumba gani Nairobi haina mikebe ya aiskrimu? Na nyumba gani Nairobi ina aiskrimu ndani ya mkebe wa aiskrimu? Sisi sote wa hapa Eastlands tumezoea kufungua friza kwa shangwe na kukuta maharagwe ya kuchemsha. Nilijua hivyo, na bado nikafanya.

Friji yetu haigandishi hata maji, kwa hiyo jioni ya Krismasi niliipeleka Buruburu kwenye friza ya Mama. Mle ndani kulikuwa na mikebe mingine miwili, vifuniko vile vile vya buluu, yote maharagwe. Nikaweka yangu juu. "Mama," nikamwambia, "ile mikebe miwili ya juu ni yangu." Alikuwa anatazama televisheni. "Haya," akasema, hata shingo hakugeuza.

Asubuhi yake Eve akafika mapema kuanza mukimo, vile viazi vya kuponda na maharagwe. Akafungua friza, akatoa mikebe miwili ya juu, akaiweka nje kwenye ukuta wa uani iyeyuke juani. Yeye alijua anayeyusha maharagwe. Kisha akaamua kutumia njegere, akaisahau. Haya yote niliyajua baadaye. Mimi saa saba mchana nilifungua friza, nikaona mikebe miwili yenye vifuniko vya buluu, imeganda vizuri kama jiwe, nikamshukuru Mungu. Sikuifungua, nisije nikatoa baridi. Niliifunika kwa kitambaa cheupe nilichokifuma mwenyewe, nikaibeba hadi mezani nikiwa nimenyoosha mgongo kama bibi harusi.

Mama akaanza kuzunguka. Mukimo wa Eve, makofi. Kuku wa Waringa, mke wa Ng'ang'a, makofi. Kachumbari ya jirani, makofi. Akafika kwangu. Nilikuwa nimeushika mkono wa Tiffany, na nadhani niliuminya kupita kiasi maana alisema, "Mum, woi!" Mama akaondoa kitambaa. Akanitazama, akatazama mkebe.

"Na hii," akasema, "ni ya nyumba ya Naftaly."

Nyumba ya Naftaly! Naftaly hata hajui embe linamenywa upande gani. Kabla sijameza hilo, akafunua kifuniko. Maharagwe. Mekundu, yameshikana, yana barafu juu.

Hema lote likapasuka kwa kicheko. Ng'ang'a, ndugu yake Naftaly, akashika tumbo. "Shemeji, hii ndiyo aiskrimu ya Ukambani?" Ng'ang'a nimemzoea, mdomo wake hauna breki. Kilichonikata ni Mama. Mama naye alicheka. Miaka tisa sijamwona akicheka nikiwa karibu, na siku aliyocheka alinicheka mimi.

Nikakimbia uani. Nikaiona mikebe yangu pale ukutani, jua limeipiga tangu asubuhi. Nikafungua. Ilikuwa supu. Supu ya njano, biskuti zimefumuka zinaelea. Eve alikuwa amenifuata, mkono mdomoni. "Aki Mbinya, nisamehe, nilidhani ni maharagwe!" Nikaubeba mkebe mmoja, nikarudi nao hemani, nikaubamiza mezani mpaka supu ikaruka kwenye shati jeupe la Ng'ang'a. Kicheko kikakatika.

"Miaka tisa, Mama!" nikasema, na sikusema, nilipiga kelele, mpaka watu wa nyumba ya pili wakachungulia dirishani. "Miaka tisa namenya viazi vyako! Naosha sufuria zako! Jirani wa nyanya tatu anatajwa, mimi sitajwi! Mimi ni nani hapa, mwiko? Jina langu ni Mbinya. Halina mfupa, halitakukwama kooni!"

Naftaly akasema chini chini, "Mbinya, watu wanaskia."

"Waskie! Nimewaita waje waskie!"

Mama mkwe akavua miwani. Aliikunja taratibu, akaiweka mfukoni mwa sweta. Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo likanikasirisha zaidi.

"Unataka jina lako litajwe," akasema.

"Ndiyo."

"Na langu?"

Sikumwelewa. Nikasimama tu pale, embe linanitiririka mkononi.

"Msichana wa kwanza wa mtoto wangu wa kwanza," akasema Mama. "Kwetu anaitwa Nduta. Si ombi, haiulizwi, ndivyo tunavyozaliwa upya. Nilikaa kwa kile kiti siku nzima nimeshika simu, nangoja kuambiwa nimezaliwa. Nikaambiwa ni Tiffany Nzembi. Nzembi, mama yako! Ulikataa jina langu, Mbinya. Ulilitupa. Halafu unakuja hapa na maharagwe unataka nikutangazie lako?"

Haki ya Mungu, ilikuwa kama nimemwagiwa maji. "Nilikataa?" nikasema. "Mimi? Mama, niliambiwa ni wewe uliyesema nimpe mtoto jina lolote! Niliambiwa umesema watoto wa Eve wameshabeba jina lako, yatosha!"

"Uliambiwa na nani?"

Hakuna aliyehitaji kujibu. Shingo zote zilizunguka pamoja. Naftaly alikuwa ameketi mwisho wa meza, na huwezi kuamini, katikati ya yote yale, kabla hata ya maombi, alikuwa ameshika paja la kuku na limeshaumwa mara mbili.

"Naftaly," akasema Mama, "weka hilo paja chini."

Akaliweka.

"Sema."

Akasema, macho kwenye sahani. Siku ile hospitalini mimi nilikuwa bado sijaamka, nimetoka kupasuliwa. Karani akaleta fomu akauliza jina la mtoto. Mama yangu Nzembi alikuwa amesimama hapo hapo kando yake, ameshika chupa ya uji. "Mkwe amenisimamia hivi," akasema Naftaly, "ningetaja jina lingine nikimtazama? Niliona haya. Nikaandika Nzembi."

Nikubali kitu kimoja: kwao na kwetu mwanamume hasimami kubishana na mama wa mke wake. Hata kumtazama usoni ni kazi. Hilo nalielewa. Lakini Mama yangu wala hakuwa ameomba jina! Alikuwa ameleta uji!

"Halafu?" nikamuuliza.

"Halafu nikaona nitawaeleza baadaye."

"Baadaye ya miaka tisa?"

"Kila nikitaka kusema naona mmetulia."

Tumetulia! Kikulacho ki nguoni mwako, na changu nimekuwa nikikifulia na kukipigia pasi. Alimwambia mama yake kwamba mimi ndiye niliyekataa. Akaniambia mimi kwamba mama yake ndiye aliyekataa. Akatuweka wanawake wawili tununiane miaka tisa ili yeye ale kuku kwa amani. Nilikuwa na kifuniko cha mkebe mkononi. Nilimrushia. Kilimpata sikioni, na sijutii, kingekuwa sufuria ningerusha sufuria.

Lakini usidhani Mama aliponea hapo. "Na wewe ungeniuliza," nikamwambia. "Mara moja tu, Mama. Ungenivuta jikoni ukaniuliza, Mbinya, kwa nini?"

"Na wewe hukuwa na mdomo?" akanijibu. "Wewe ndiye mtoto."

Akaangalia ile meza yote, sufuria zinapoa. "Kuleni," akasema. "Mimi nimeshiba." Akageuka, akaanza kuelekea getini.

Ningemwacha aende. Nilitaka kumwacha. Hasira yangu ilikuwa bado inachemka, nusu yake ni ya mwanawe na nusu ni yake mwenyewe, kwa sababu alinihukumu bila kesi. Lakini niliuona ule mgongo wa sweta ya kijivu ukienda, na nikamwona amekaa kwenye kiti siku nzima na simu mkononi, anangoja kuzaliwa. Na mimi nilikuwa nimefanya vurugu yote ile kwa kukosa kutajwa tu juu ya sufuria.

"Nduta!" nikaita.

Watu walishtuka. Mke wa mtu kumwita mama mkwe jina lake, tupu namna hiyo, mbele za watu! Mama akasimama pale getini. Akageuka, uso umekaza, tayari kunimaliza.

Mimi nilikuwa namtazama binti yangu.

"Nduta," nikamwambia, "chukua kikombe. Mpelekee shosho yako maembe."

Tiffany akatazama kushoto, akatazama kulia. "Ni mimi?"

"Ni wewe. Tiffany Nduta. Jumatatu baba yako ataenda kupanga foleni kwenye ofisi ya vyeti, na asirudi nyumbani bila hilo jina."

Naftaly, mkono sikioni, akaitikia kwa kichwa.

Mtoto akachovya kikombe kwenye ile supu ya njano, akakibeba kwa mikono miwili, ulimi nje, asimwage. Mama alimtazama njia nzima. Mtoto alipomfikia, Mama hakuchukua kikombe kwanza. Akamshika kidevu, akamwinua uso. "Waitwa nani?" akamuuliza, kama hajawahi kumwona.

"Nduta," akasema mtoto, akanitazama kama amekosea.

Mama mkwe akavuta kiti cha plastiki kilichokuwa karibu, akaketi pale pale getini. Akanywa. Biskuti iliyofumuka ikamganda mdomoni, akaipangusa kwa kidole, akakilamba. Akanywa tena mpaka kikombe kikaisha. Sisi sote tumesimama tukimtazama, hata Ng'ang'a na shati lake la madoa.

Akanitazama juu ya kichwa cha mtoto.

"Sukari imezidi, Mbinya," akasema.

Nilikuwa bado na hasira naye. Nikamwambia haya, Mama, mwaka ujao nitapunguza.