Mlango Tuliouzika

Nyumba ya mwanangu Léopold iko Kalundu, ndani ya ziwa. Hakuijenga majini. Ziwa lilipanda lenyewe, likala mihogo, likala jiko, mpaka asubuhi moja tukaamka mikeka inaelea. Tukahamia Songo, kule juu. Léopold alifunga mlango kama mtu anayekwenda sokoni, akatia funguo mfukoni. "Maji itarudi kwayo, mama," aliniambia.

Maji hayakurudi. Dhoruba ikapindua boti aliyokuwa akisafiri nayo na mzigo wa saruji. Wenzake walipatikana. Yeye hapana.

Kwetu kilio kinaisha mwili ukiingia udongoni. Sisi tungeweka nini? Watu walikaa nasi, wakachoka, wakakunja mikeka yao. Pélagie, mke wake, alibaki amekaa palepale. Halafu akaanza kutoka kila mchana upepo wa kusini ukivuma. Anarudi jioni kitenge kimelowa mpaka kifuani, chakula hagusi. Mtoto wao Délice, bado mdogo wa kubebwa, akimlilia, Pélagie anamtazama kama mtoto wa jirani.

Siku moja nilimwacha Délice kwa Concilie, jirani yetu, nikamfuata mama yake mpaka Kalundu.

Aliingia nyumba ile ya majini kwa dirisha, maana mbao zake zilishaibwa. Nami nikaingia, na uzee wangu. Ndani maji yalinifika kiunoni. Mwanga ulikuwa wa kijani, unatembea ukutani, na samaki wadogo walipita mahali kitanda kilipokuwa. Pélagie alisimama mbele ya mlango uliofungwa. Nje mawimbi yalipiga. Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko.

"Karibu, Papa Délice," akamwita mumewe, kwa sauti ya mtu anayepika.

"Ni maji, mwanangu."

"Maji haijue kupiga tatu halafu inangoja."

"Léopold iko na funguo mumufuko. Muntu mwenye funguo atapiga hodi ya nini?"

Alifikiri. "Pengine ilimuanguka mumaji, mama. Ndiyo maana hawezi kuingia."

Nilitaka kumkemea. Lakini nilisikiliza, na mkono ule niliujua. Léopold alipiga hivyo tangu utoto, tatu, halafu anangoja kwa adabu. Moyo wangu ulikwenda mlangoni kabla ya miguu. Hapo niliogopa kweli. Si mlango niliouogopa. Niliona kwamba tukibaki pale, ziwa litatubeba sote wawili, na Délice atabaki na nani?

Kesho yake nilimwita Gaspard, seremala.

"Ung'oe ule mlango," nikamwambia. "Tutauvika shuka, tutauzika kama maiti."

"Mama, nimetengeneza masanduku mengi ya wafu. Mlango kuvaa shuka, hii ni ya kwanza. Na miguu itaelekea wapi?"

"Weye ung'oe tu."

Pélagie alipouona mlango uani Songo, umelazwa juu ya shuka, unatoa maji, alinigeukia. "Sasa atapita wapi?"

"Utamuuliza mwenyewe," nikasema.

Watu walirudi, hata waliokuwa wanacheka njiani wakanyamaza. Wanaume wanne walibeba. Mlango ulikuwa mzito kama mtu, kwa maji uliyokunywa. Katekista alisali, wakaushusha shimoni, tundu la funguo likatazama juu.

Kabla ya udongo, Pélagie alishuka. Alipiga magoti pembeni, akagonga mbao. Tatu. Akangoja.

"Hodi, Papa Délice."

Délice alikuwa mgongoni kwangu, na tulikuwa tumemfundisha kujibu hodi. Nilisikia anavuta pumzi. Nikapeleka mkono nyuma, nikamfunika mdomo, polepole. Mdomo wangu mwenyewe ulikuwa umekwisha kufunguka. Niliuma kitenge changu.

Pélagie aligonga tena. Tatu. Akalaza sikio juu ya mbao, akakaa hivyo mpaka Gaspard akageuka upande mwingine kujifuta uso.

"Mama," akasema, bila kuinua kichwa. "Hapana muntu."

"Hapana, mwanangu."

Walimvuta juu. Alinyoosha mikono, nikamfungulia Délice kutoka mgongoni, akambeba. Halafu akainama naye, akachukua udongo kwa mkono mmoja, akautupa. Mwingine uliangukia pembeni. Mwingine ukaingia kwa tundu la funguo.