Mikwaruzo Mitatu

Mimi uchafu haunitishi. Nimekula mkate kwa mikono yenye grisi, nimelala chini ya magari yanayonidondoshea mafuta usoni, na sijawahi kulalamika. Kinachonitia kinyaa ni uchafu uliopakwa manukato. Ndiyo maana siku ile, hata saa sita haijafika, niliinama nyuma ya gereji yangu nikatapika chai yote ya asubuhi, na fundi rangi wa jirani akanipigia kelele kwamba nimekula kitu kibovu. Sikuwa nimekula kitu.

Gari lilikuwa la dada yetu wa mwisho. Ni gari la zamani, milango yake inafungwa kwa kubembelezwa, lakini ndilo linalomlisha. Kila siku anabeba watoto sita wa majirani kuwapeleka shule na kuwarudisha, na njia yenyewe ina mteremko mkali unaopita kwenye machimbo ya mawe. Wiki moja kabla, alikuja akilalamika kwamba gurudumu la mbele la kushoto linavuma. Nilimbadilishia beringi, ile pete ya gololi inayozungusha gurudumu, akaondoka anacheka. Sasa alikuwa amerudi.

"Kaka, limehamia upande wa pili."

"Linafanyaje?"

"Nikikata kona kushoto linanguruma. Nikinyoosha linanung'unika tu, kama wewe ukiwa na njaa."

Nilipandisha gari kwa jeki, nikashika gurudumu la kulia juu na chini, nikalitikisa. Likacheza. Nikalizungusha, nikasikia ndani yake mkwaruzo wa mchanga. Sikuhitaji kusikia zaidi.

"Beringi imekufa," nikamwambia. "Nenda kwa Orijino."

Orijino ni kaka yetu mkubwa. Watu walimpa jina hilo kwa sababu kila kitu dukani kwake ni orijino, kuanzia spea hadi kiti anachokalia. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika spana, na kwa heshima hiyo miaka yote nilikuwa nawaambia wateja wangu: beringi nunueni kwa kaka yangu tu, kwingine mtauziwa takataka. Niliwaambia hivyo kifua mbele.

"Nimeshatoka huko," dada akasema, akatoa boksi kwenye mkoba. "Mama kanichagulia mwenyewe. Kasema hii ni nzuri kuliko zote."

Mama yetu anaishi kwa Orijino tangu baba afariki, na huwa anashinda dukani. Tukacheka kidogo, kwamba mama sasa amekuwa mtaalamu wa spea. Dada akaniaga aende nyumbani kufua, akasema saa saba atakuwa amerudi, maana saa nane watoto wanatoka na wazazi wao hawajui neno kuchelewa.

Nilitoa beringi ya zamani, nikasafisha kitovu cha gurudumu mpaka kikang'aa, nikafungua boksi. Lilikuwa boksi zuri. Pembe zimenyooka, nailoni imekaza, namba iliyoandikwa nje ni ile ile iliyochongwa kwenye chuma. Watu wengi wakinunua beringi wanaishia hapo, kwenye namba na boksi. Lakini ndani nilikuta grisi tele, imejazwa mpaka gololi hazionekani, na hapo nikasita. Beringi mpya za aina ile huja na mafuta mepesi tu ya kuzuia kutu. Grisi anaweka fundi mwenyewe. Anayekuwekea grisi nyingi kabla hujaomba, ujue kuna kitu hataki ukione.

Nikaifuta kwa kitambaa. Kwenye ubavu wa pete ya nje nikaona mikwaruzo mitatu.

Hapa lazima nieleze. Miaka mingi iliyopita mteja mmoja alinituhumu mbele za watu kwamba nimemrudishia beringi yake kuukuu. Tangu siku hiyo, kila beringi ninayoitoa naigusisha kwenye jiwe la kunolea mara tatu, mteja akiona: mkwaruzo mmoja wangu, mmoja wake, mmoja wa Mungu aliye shahidi. Kisha naitupa kwenye pipa la chuma chakavu. Hakuna fundi mwingine mwenye utaratibu huo, na wenzangu wananicheka kwa ajili yake. Pipa likijaa, Orijino analichukua. Alisema anawapelekea watu wa kuyeyusha chuma. Sikumuuliza zaidi, kaka mkubwa haulizwi.

Sasa maiti niliyoitupa kwa mkono wangu ilikuwa imerudi, imeoshwa, imevishwa, imetiwa kwenye boksi jipya. Nikaifuta ndani. Njia ya gololi ilikuwa imejaa vishimo, chuma kimemeguka.

Ndipo nikakumbuka gurudumu la kushoto. Ile ya wiki iliyopita nayo ilitoka dukani kwa kaka, ikaja na grisi yake, na mimi nilikuwa na haraka, magari matatu yananisubiri, nikaiingiza hivyo hivyo. Mimi, fundi wa mikwaruzo mitatu! Nikalifungua lile la kushoto. Nikafuta. Mikwaruzo miwili ilikuwa imesuguliwa ikapotea. Wa tatu ulikuwepo, hafifu, lakini upo. Dada yangu alikuwa ameteremka machimboni na watoto sita wa watu wiki nzima juu ya kitu hicho.

Hapo ndipo nilipotapika.

Nilinawa uso, nikazifunga zile beringi mbili kwenye kitambaa, nikaliacha gari juu ya jeki bila magurudumu ya mbele ili asije mtu yeyote akalichukua. Duka la kaka si mbali. Nilikwenda kwa miguu, na kila hatua nilikuwa napanga tusi.

Orijino alikuwa nyuma ya kaunta, shati jeupe, ananukia. Anamweleza mteja jinsi ya kutambua spea feki. Naapa. Alikuwa amemshikia boksi kwenye mwanga, anamwonyesha maandishi.

"Fundi wangu huyu hapa," akasema aliponiona. "Muulize yeye kama nauza vibovu."

Mteja akanigeukia, anatabasamu, anasubiri nimsaidie kaka yangu kama nilivyozoea kumsaidia. Nilipita pembeni ya kaunta, nikasukuma mlango wa stoo. Kaka akaniita kwa jina la utotoni, kwa sauti ya chini. Nikaendelea.

Harufu ya petroli ilinipiga kwanza. Chumba hakina dirisha. Ukutani maboksi mapya yamepangwa bado hayajakunjwa, pembeni roli la nailoni, debe la grisi, na pipa langu. Pipa langu mimi, lenye rangi ya kijani niliyolipaka mwenyewe. Na katikati, kwenye kigoda, mbele ya beseni la petroli, mama yetu ameketi na mswaki mkononi.

"Nani huyo?" akauliza. Macho yake siku hizi yanaona vivuli tu.

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu! Dada yako kakuletea ile beringi? Ile nimeisugua mara mbili. Nilimwekea yeye."

Nilikuwa nimekuja na matusi kinywa tele, yote yakakwama. Mikono yake ilikuwa imebabuka kwa petroli, ngozi ya vidole imekuwa nyeupe na kupasuka, na chini ya kila kucha kuna mstari mweusi. Mikono iliyotulisha. Kinyaa kilinishika mpaka nywele zikanisimama.

"Mama, hizi unazosugua unaambiwa ni nini?"

"Si mizigo ya kaka yako? Inapata kutu safarini, kwenye meli. Mimi naisafisha tu, nisikae bure nikila chakula cha mtu." Akaokota moja, akaipapasa ubavuni. "Kazi ngumu ni hii mikwaruzo. Sijui huko bandarini wanaikwaruza na nini. Zamani nilikuwa naiondoa yote kwa msasa, sibakizi hata mmoja. Sasa siioni vizuri, nahisi mingine inanipita."

"Tangu lini unaifanya kazi hii?"

"Tangu nihamie. Si mwaka wa nne huu?"

Miaka minne. Macho ya mama yangelikuwa mazima, nisingeona mkwaruzo hata mmoja, na ningeendelea kuwaambia watu kwa kifua mbele wanunue kwa kaka yangu. Nikamkumbuka dereva wa teksi, mteja wangu, aliyechomokwa na gurudumu mwaka jana akaingia mtaroni na kuvunjika nyonga. Nilikwenda kumwona, nikamwambia mbele ya mkewe kwamba anazidisha abiria. Mkewe akaniomba radhi. Aliniomba radhi mimi!

Orijino alikuwa ameingia, amefunga mlango nyuma yake.

"Punguza hasira, tuongee kiutu uzima," akasema.

"Nimeongea nini hata nipunguze?"

"Magari yenyewe unayajua. Makuukuu. Mtu mwenye gari la namna ile anataka beringi imfikishe mwisho wa mwezi, basi. Namsaidia."

"Na dada?"

Akatazama chini. "Sikujua kama mama amempa kutoka huku. Ningelimtafutia nzuri."

"Nzuri ipi?" mama akauliza.

Mswaki ulikuwa umesimama mkononi mwake. Nikapiga magoti mbele ya beseni, nikafungua kitambaa changu.

"Mama, nipe kidole chako."

Nikakiweka ndani ya pete ya beringi, kwenye njia ya gololi, nikakipitisha taratibu. Kidole kikaenda, kikasimama, kikarudi nyuma.

"Kuna mashimo."

"Ndiyo."

"Ni kutu?"

"Si kutu, mama. Ni chuma kilichokufa. Hii niliitoa mimi kwenye gari la mtu nikaitupa. Ikipata moto kwenye mteremko, gurudumu linakwama au linachomoka. Na ile aliyoichukua hapa wiki iliyopita ilikuwa hivi hivi, na ameshaitembelea."

"Anabeba watoto wangapi kitindamimba wangu?"

"Sita."

Mama akageuza uso kule ilikokuwa harufu ya manukato.

"Wewe. Gari lako lile jipya, beringi zake nilisugua mimi?"

"Mama, hebu tutoke nje kwanza..."

"Nakuuliza."

"Hapana."

"Umezinunua wapi?"

Kaka alijifuta jasho kwa mkono wa shati jeupe. "Kwa wakala."

"Kwa nini hukuweka hizi zangu?"

Kaka akarudi nyuma hatua moja, mgongo ukagusa mlango. Hapo nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, na nilijichukia mimi kwa karibu kiasi hicho hicho.

Mama akanyoosha kiganja. "Ufunguo."

"Mama, gari lile..."

"Watoto wanatoka saa nane. Lete ufunguo, dada yako awabebe kwa gari lako, mpaka lake lipate vitu vya kweli. Tena hivyo vya kweli utavinunua wewe."

Kaka akautoa mfukoni. Mama aliupokea, akanitafuta kwa mkono wa pili, akanikabidhi. Ulikuwa umelowa petroli.

"Na wale wengine uliowafungia?" akaniuliza.

"Nina daftari la wateja, mama. Nitaanza leo. Nitawaita wote."

"Watakutukana."

"Watakuwa na haki."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema apewe maji na sabuni. Kaka mkubwa, Orijino mwenyewe, akatoka mbio akaleta, akamshikia ndoo. Mama alinawa polepole, kidole kimoja kimoja, mpaka povu likawa jeusi. Akainua mikono puani akanusa. Akanawa tena. Kisha akanisogezea mimi.

"Nisaidie kunusa, mwanangu. Imetoka?"

Nilitamani sana kumwambia imetoka. Nikamwambia bado. Akatia tena sabuni.