Samahani ya Kikapu cha Nne

Kikapu cha nne kiko ng'ambo ya bwawa la bata, chini ya misonobari miwili. Anayetaka kukifikia husimama juu ya bamba la saruji karibu na benchi la kijani, akapima upepo, akarusha kisahani chake cha plastiki kivuke maji. Kikapu chenyewe ni mlingoti wa chuma wenye minyororo inayoning'inia na bakuli la waya chini yake. Kisahani kikiigonga minyororo, hulia kama funguo zilizoangushwa sakafuni na kutumbukia bakulini. Kikikosa, bata huondoka kwa manung'uniko na mtu huvua viatu.

Jumamosi hiyo asubuhi aliyesimama juu ya bamba alikuwa fundi lifti. Mkewe, fundi miwani, alikaa kwenye benchi na mkoba wa visahani mapajani. Yeye hakuwa mchezaji. Kazi yake ilikuwa kubeba mkoba, kumenya machungwa, na kusema "kidogo tu" kila kisahani cha mumewe kilipopita mbali na kikapu.

"Samahani!" fundi lifti akapaza sauti, kisha akarusha.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya klabu yao. Njia ya wanaokimbia inapita katikati ya uwanja, na klabu ilipokuwa changa, kisahani kimoja kilimpata mkimbiaji kisogoni. Mwenyekiti, mwenye bucha aliyependa kila jambo liwe na utaratibu, akaagiza kwamba mrushaji apige kelele kabla ya kurusha. Wajumbe wakalibishania neno lenyewe jioni nzima. "Angalia" lilionekana lina ukali, na "hatari" lingewashtua wazee wanaokuja kupunga upepo. Wakaafikiana kwenye "samahani", maana atakayegongwa atakuwa ameshaombwa radhi na hakutakuwa na haja ya kurudia. Tangu hapo bustani nzima ilijaa samahani kila mwisho wa wiki, na aliyeitamka hakuifikiria, kama mtu anayepiga hodi nyumbani kwake mwenyewe.

Kisahani cha fundi lifti kilikuwa chekundu. Kilifika katikati ya bwawa, kikapinda, kikarudi kilikotoka. Kilipofika kwenye benchi kilipunguza mwendo, na juu ya kichwa cha fundi miwani, umbali wa mkono mmoja hivi, kikasimama. Kiliendelea kuzunguka palepale, taratibu, bila kushuka.

"Upepo," alisema fundi lifti.

"Upepo huo," alikubali mwenyekiti, aliyekuwa akisubiri zamu yake. Hapakuwa na jani lililotikisika.

Wakangoja. Fundi miwani akamenya chungwa. Fundi lifti akaazima ufagio wa mtunza bustani akajaribu kukisukuma kisahani kishuke, lakini kila ufagio ulipokaribia, kilisogea pembeni na kurudi mahali pake. Hapo mwenyekiti akatoa uamuzi. Kisahani ambacho hakijagusa ardhi, maji, mti wala kikapu bado kiko mchezoni, na mwenye nacho haruhusiwi kurusha kingine mpaka kitue.

"Kwa hiyo nifanyeje?" aliuliza fundi lifti. Ndiye aliyekuwa akiongoza kwa pointi msimu ule, na kombe lilikuwa limemkaa rohoni.

"Subiri zamu yako iishe," alisema mwenyekiti, akampita.

Wachezaji wengine wakampita pia. Jua lilipokuwa kali, mume na mke wakachukua mkoba wao wakaenda nyumbani, na kisahani kikaenda nao. Mlangoni kiliinama kidogo ili kipite. Walipolala kilikaa juu ya mto wa fundi miwani, na ikabidi feni ya dari izimwe.

Jumatatu fundi miwani alikwenda nacho kazini. Kazi yake ilikuwa kukaza skrubu ndogo za fremu za miwani, kunyoosha mikono iliyopinda na kusafisha lenzi, na alikuwa akiifanya kwenye meza ya dirishani. Bosi wake, mpima macho, alikiangalia kisahani kupitia miwani ya kusomea, kisha akakiangalia bila miwani. Akamwomba fundi asisogee karibu na ubao wa herufi, kwa sababu kivuli kiliangukia mstari wa mwisho na wateja wengi wangeonekana vipofu bure. Mteja mmoja aliuliza kama kinauzwa.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya daktari wa meno. Alisema samahani yake, akarusha, na kisahani chake cha bluu kikaachana na kikapu kabisa, kikaelea hadi kwenye lango la bustani na kusimama juu ya kofia ya muuza magazeti. Daktari akakifuata kwa miguu. Alisimama mbele ya meza ya magazeti, akijikuna shingo.

"Lile jino," hatimaye alisema. "Bovu lilikuwa la kushoto."

Muuza magazeti alijishika shavu. "Nilijua," alisema. "Liliendelea kuuma, nikajua. Nikasema nisikuaibishe."

"Nisamehe, ndugu yangu."

Kisahani kikaanguka juu ya magazeti ya jana. Muuza magazeti akamtukana daktari tusi moja la wastani, wakacheka wote wawili, wakapeana mikono.

Basi kila mtu akaelewa. Hata fundi lifti alielewa, na rangi ya uso wake ikabadilika.

"Kumbe ni rahisi hivyo," alisema fundi miwani, akimwangalia mumewe.

Fundi lifti aliwaangalia bata.

Hata hivyo hakuwa mtu wa kukata tamaa mapema, na jioni ileile alianza kuomba radhi. Aliomba radhi kwa kukoroma. Aliomba radhi kwa birika lililoungua, na kwa kusahau tarehe ya harusi yao, mwaka ule na ule uliotangulia. Aliomba radhi kwa kumwambia dada wa mkewe kwamba keki za mkewe ni kavu.

"Ulimwambia nini dada yangu?"

"Nimeshasema samahani," alisema fundi lifti.

Kisahani hakikutikisika. Kwa siku kadhaa aliendelea hivyo, akichimbua makosa madogomadogo tangu walipooana. Mengi mkewe hakuwa ameyajua, kwa hiyo nyumba ilizidi kununa kadiri toba ilivyoongezeka. Watoto wao, waliokwisha kuoa na kuolewa, walipiga simu kuuliza kama baba ni mgonjwa.

Lakini fundi miwani alijua vizuri anachokisubiri. Zamani, watoto wakiwa wadogo na simu ikiwa bado imefungwa ukutani, alifanya mtihani wa kuingia chuo cha wapima macho. Alisoma usiku, nguo za watoto zikiwa zimeloweka, na mtihani akaupasua. Chuo kikapiga simu nyumbani kumpa habari. Yeye alikuwa nyuma ya nyumba, anaanika shuka. Fundi lifti ndiye aliyepokea, akasema hayupo. Walipouliza apige saa ngapi, akasema hatapiga, ameghairi mwenyewe. Kisha akatoka akamsaidia kuanika, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla, na alipoulizwa ni nani aliyepiga alisema wamekosea namba. Nafasi ilipewa mtu mwingine. Fundi miwani alidhani amefeli, akalia, na mume akambembeleza kwa maneno mazuri sana.

Miaka ikapita ndipo mwalimu wa chuo kile alipokuja dukani kukaziwa fremu. Akamtambua, akamuuliza kwa nini alighairi. Fundi miwani alikaza ile skrubu mpaka ikakatika. Nyumbani hakusema kitu. Alitaka mume aseme mwenyewe, kwa hiari yake, hata kama ni vibaya, hata kama ni huku anatafuna. Hakutaka fidia. Alitaka tu isemwe kwa sauti, ndani ya nyumba ile, kwamba hakufeli.

Jioni moja, akiwa jikoni anapika, mumewe alikuja akasimama mlangoni. Hakuwa na kawaida ya kuingia jikoni.

"Mama watoto," alisema.

"Naam."

"Ile siku..."

Kisahani kikaanza kushuka. Kilishuka hadi usawa wa kipaji cha uso, kikaendelea hadi sikioni, na upepo wake mwembamba ukamgusa shavuni. Fundi miwani akazima jiko ili asikie vizuri.

"Ile siku gani, baba watoto?"

Fundi lifti alishika miimo ya mlango kwa mikono miwili.

"Ile siku niliyoacha pasi inawaka," alisema.

Kisahani kikapanda juu kwa kasi mpaka kikagonga dari, na vumbi la chokaa likaingia kwenye sufuria.

"Lilikuwa shati langu mwenyewe, lakini hata hivyo," aliongeza.

"Najua," alisema mkewe. Mume alipoondoka, fundi miwani alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kisha akatoa chokaa kwenye sufuria kwa kijiko na kuwasha tena jiko.

Mambo yangeweza kubaki hivyo, maana klabu ilikuwa imeshazoea. Wachezaji walipumzika karibu na fundi miwani wakati wa jua kali kwa sababu ya kile kivuli kidogo, na waliokuwa wakitafutana waliambiana wakutane penye kisahani chekundu. Kilichobadilisha mambo ni zamu ya mwenyekiti. Alisema samahani yake kwa sauti ya mtu asiyedaiwa, akarusha, na kisahani chake kikapaa juu ya misonobari, kikavuka uzio, kikaingia mjini. Siku ya pili yake ikajulikana kimesimama hewani mbele ya nyumba moja yenye mlango wa kijani, nyuma ya soko, na hakitoki. Mke wa mwenyekiti akauliza ni nani anayekaa pale.

"Mteja," alisema mwenyekiti. "Ananunua sana maini."

Jioni hiyohiyo ukaitishwa mkutano wa dharura kwenye kibanda cha bustani. Mwenyekiti alieleza kwamba amelichunguza tatizo kwa kina na chanzo chake kimepatikana. Chanzo ni neno. Tangu mwanzo halikufaa. Ni refu, lina herufi nyingi, linamchosha mrushaji na kuharibu shabaha. Akapendekeza kwamba kuanzia sasa mrushaji aseme "Chonjo!"

Daktari wa meno alinyoosha mkono. "Lakini changu kilishuka," alisema. "Nilisema tu nilichofanya, kikashuka."

Akaambiwa asiucheleweshe mkutano. Neno likapita kwa mikono yote isipokuwa mmoja, na makofi yakapigwa. Katika mengineyo, mwenyekiti akatangaza kwamba visahani vyote ambavyo havijatua vihesabiwe vimepotea, na wenye navyo warushe upya bila adhabu.

"Changu kiko hapa," alisema fundi miwani kutoka benchi la nyuma. Kilikuwa juu yake, kinazunguka karibu na taa, na kivuli chake kilikuwa kikizunguka juu ya wajumbe wote.

"Kwa mujibu wa kanuni kimepotea, shemeji," alisema mwenyekiti, akiangalia viatu vyake.

Jumamosi ikafika. Fundi lifti alipanda juu ya lile bamba la saruji, amenyoa na kuvaa fulana mpya, mkononi ana kisahani cha manjano. Wanachama wote walikuja kuona. Aliangalia upepo. Akavuta pumzi.

"Chonjo!"

Kisahani kilivuka bwawa kimenyooka, juu kidogo ya bata, kikagonga minyororo katikati na kutumbukia. Watu wakashangilia. Mwenyekiti alimkumbatia. Fundi lifti alimgeukia mkewe akiwa ametanua mikono, macho yake maangavu kama ya mtu aliyetoka hospitali na kuambiwa hana ugonjwa.

"Umeona, mke wangu?"

"Nimeona," alisema fundi miwani. Juu yake kile chekundu hakikuwa kimeshuka hata unene wa kidole.

Akauweka mkoba chini, akatoa kisahani cheupe, akapanda juu ya bamba. Watu wakampisha kwa furaha, kwani hawakuwahi kumwona akirusha. Ilibidi ainamishe shingo ili mkono wake usigonge kile cha juu.

"Samahani!" alisema, kwa nguvu, kila silabi mahali pake.

Mwenyekiti alikohoa. Kisahani cheupe kiliyumba hewani, kikageuka ubavu, na kikaanguka majini hatua chache tu kutoka ukingoni. Bata wawili wakaondoka. Kilichobaki ni viduara vya maji vilivyotanuka na kwisha.

Fundi miwani aliendelea kusimama pale, akiliangalia anga tupu la juu ya bwawa. Mumewe alikuja nyuma yake, akainama kukikwepa kisahani chekundu, akamwekea mkono begani.

"Si mbaya," alimwambia kwa upole. "Unahitaji mazoezi tu."