Picha za Masonara wa Limonlu Han

Mikono ndiyo iliyotokea kwanza. Ilijitokeza polepole kwenye weupe wa karatasi, ndani ya beseni la dawa, chini ya taa nyekundu niliyoifunga bafuni kwetu: vidole vinene, kucha zilizoingia weusi, pete ya kike iliyobanwa kwenye kishikio cha mti, na chuma chembamba kikikandamiza kikucha cha dhahabu juu ya jiwe. Kisha ukaja uso. Haukuwa uso wa baba yangu.

Mlango ukagongwa. Shangazi Verjin alitaka kujua kama bafu siku hizi ni la picha au la watu, maana yeye bado ni mtu na ana nguo amezilowesha.

Nilimwomba anivumilie kidogo. Niliketi pembeni ya sinki nikiitazama ile karatasi. Baba yangu, Karnik, ndiye aliyekuwa fundi wa kupachika vito katika Limonlu Han, jengo la karakana za masonara. Huyu aliyekuwa akipachika jiwe pichani ni Misak, mng'arishaji wa chumba cha mkabala, na pete aliyoishika ilikuwa kazi ya Baba.

Mwaka ule wenye jengo walikuwa wamekwisha kuamua kuliuza. Chama cha waliosoma shule ya kanisa letu kiliniomba niwapige picha masonara wa Kiarmenia waliobaki mle, kabla hawajatawanyika, tuzitundike kwenye ukumbi wa kanisa siku ya Jumapili. Mimi nilikuwa mpiga picha wa harusi na ubatizo katika mtaa wa Kurtuluş, mjane, niliyerudi kuishi na Baba na dada yake. Nilifurahi kuombwa.

Baba alinipa ruhusa ya kumpiga picha kila mtu jengoni isipokuwa Misak.

Zamani wawili hao walijifunza kazi kwenye meza moja, bega kwa bega. Misak akamchumbia Shangazi Verjin, na baada ya pete kuvalishwa, na majirani kula peremende za uchumba, akauvunja. Sababu hatukuambiwa. Baba alihakikisha hakuna fundi wa vito mtaa mzima aliyempa Misak kiti, ndipo akaishia kwenye kung'arisha, kazi ya vumbi jekundu linaloingia hadi kwenye kope. Shangazi hakuwahi kuolewa. Kwa bahati mbaya, au pengine kwa bahati nzuri, vyumba vyao vilikuja kutazamana, na kazi yao haimruhusu mtu kujitenga: pete hutoka kwa anayeyeyusha ikaenda kwa anayepachika, ikaenda kwa anayeng'arisha, kisha ikarudi kwa aliyepachika aihakikishe mara ya mwisho. Basi kila siku Jemal, muuza chai, alivusha kisanduku cha pete kutoka chumba hiki kwenda kile, na maneno pia.

"Mwambie jirani yako mashine yake inanitetemesha meno," Baba alikuwa akisema.

Jemal anavuka, anarudi. "Anauliza, yapi?"

Ijumaa ile, kabla ya maonyesho, nilikuwa nimemwibia Misak picha moja asubuhi, akiwa kwenye mashine, uso umejaa vumbi jekundu. Nilijiambia kuwa ni ya kwangu tu, si ya ukumbini. Mchana nilipopita tena, mashine ilikuwa kimya. Nilichungulia. Alikuwa ameinama chini ya taa, na mbele yake kilikuwa kisanduku cha Baba, wazi. Kidole changu kilibonyeza kamera kabla akili haijaelewa.

Misak hakukasirika. Aliniambia niingie, nifunge mlango.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Majira ya baridi. Jiwe moja lilidondokea kwenye brashi yangu. Nikasema, ni bahati mbaya. Kesho yake likadondoka la pili. Tangu hapo nayakaza mwenyewe."

"Mbona hukumwambia?"

"Nimwambie kupitia Jemal?"

Nilicheka, kisha machozi yakanitoka. Macho ya Baba yalikuwa yamekwisha na mimi ninayelala chumba cha pili nilikuwa sijajua, ingawa nilimwona akimimina chai huku ncha ya kidole ikiwa ndani ya kikombe. Misak aliniacha nilie. Aliifuta pete kwa shati lake, akairudisha mahali pake.

"Wafanyabiashara wakipata habari, hawatamletea jiwe tena," alisema. "Baba yako ukimtoa kwenye meza ile, utamzika wiki hiyohiyo. Hiyo picha usiitoe, mwanangu."

Ndiyo hiyo iliyoning'inia mbele yangu sasa ikichuruzika dawa. Sikuwahi kupiga picha nzuri kuliko ile. Nikiitundika, Baba amekwisha. Nikiiacha, Misak hataonekana popote ukumbini, kama vile miaka yote ile chumba cha mkabala kilikuwa kitupu.

Shangazi Verjin hakungoja zaidi. Alifungua mlango, mikono yake ikiwa na unga wa dengu, akaziona picha mbili za Misak zimening'inia kwenye kamba ya nguo. Alizisogelea. Nilisikia bomba likidondosha matone.

"Amekonda," alisema.

Alinitaka nimweleze, nikamweleza yote. Alisikiliza akijifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. Kisha akaitungua ile ya pete, akaigeuza kifudifudi juu ya mashine ya kufulia. "Hii iweke sandukuni." Akaonyesha ile ya uso uliojaa vumbi. "Huyu mtundike."

"Na Baba?"

"Aliyeachwa ni mimi, si yeye. Mtundike."

Jumapili baada ya ibada ukumbi ulijaa. Misak hakuja. Baba alikuja na suti yake ya harusi, akapita mbele ya picha moja moja akitikisa kichwa na kusifu, na watu wakamsifu yeye. Nilitembea naye nimemshika mkono mpaka tukafika kwenye ile ya Misak. Alisimama mbele yake muda mrefu.

"Huyu ni nani?"

Ningeweza kumtajia jina lolote. "Misak," nikasema.

Nilingoja aniamuru niiondoe mbele ya watu wote.

"Anafanya nini?"

"Anang'arisha pete zako, Baba."

Kando yetu mama mmoja alikuwa akimlisha mtoto biskuti.

"Zinarudi nzuri kuliko zilivyokwenda," Baba alisema kwa sauti ya chini. "Macho yamekwenda, Takuhi, lakini kidole changu si kipofu. Ulimwona akizirekebisha?"

"Nilimwona."

"Basi usimwambie mtu."

Tukarudi nyumbani pamoja. Shangazi alimwekea chakula.

Jumatatu nilikwenda naye Limonlu Han kurudisha fremu za picha nilizoazima kwa mafundi. Jemal alipokuja kuchukua kisanduku, Baba alimwambia akiache. Akainuka, akakibeba mwenyewe, mkono mwingine ukipapasa ukuta wa varanda, akavuka. Misak alizima mashine. Mafundi wengine nao wakaacha kazi, wakatazama.

Baba alisimama kizingitini, kisanduku amekikumbatia kifuani.

"Hii ya katikati," alisema, "sina hakika nayo."

"Iache hapo. Nikimaliza hizi nitaitazama."

Baba hakuondoka. Alinyoosha mkono hewani akitafuta pa kukaa, na Misak, bila kugeuza kichwa, akakisukuma kigoda kwa mguu mpaka kikamgusa magoti.