Koti la Roma Mwezi wa Agosti

Mtu mzima avae koti la sufu, skafu shingoni, glavu na buti, Dubai, mwezi wa Agosti! Hesbon alipotoka bafuni kwetu Karama amevaa hivyo, nilimwuliza kama akili zimemhama.

"Mzee Sulaiti, usinicheke. Leo naenda Roma. Nataka unishikie simu, unirekodi."

Tulikuwa tunalala naye chumba kimoja, kitanda chake juu, changu chini. Alikuwa kijana wa Bungoma, mlinzi wa mlango wa jumba la ofisi. Alikuwa na mchumba, Milly, msichana wa kwao aliyewahi kufanya kazi za ndani Jumeirah. Walijuana kanisani, halafu mkataba wa Milly ukaisha, akarudi nyumbani. Hesbon alitaka kupeleka wazee wake wakapose. Baba yake Milly, Mzee Lawrence, katekista, akakataa katakata. "Binti yangu simpi mtu wa kumfungulia Mwarabu mlango." Tena palikuwa na mwalimu mkuu mmoja, mjane, ambaye naye alishaanza kupita pita pale kwa mzee na kuku wake wa zawadi.

Milly alisimama imara. Alimwambia baba yake, ndiyo, ni mlinzi, lakini hajawahi kunidanganya. Mwanamume mwenye akili angeyashika maneno hayo akatulia. Hesbon akamwandikia mzee kwamba ameshahama Arabuni, sasa yuko Italia. Mzee akamjibu: basi nikuone mjini huko, ndani ya treni, ndipo niwapokee wazee wako.

"Na kwa nini iwe Italia?" nikamwuliza.

"Katekista ataikataaje Roma?"

Mimi niliwahi kuosha sahani Napoli, kabla huyu hajaota meno. Nikamwambia Agosti kule wanaume hushinda na fulana, na akionekana na koti lile ataitiwa daktari.

"Wewe umefika, mzee. Wao hawajafika. Ulaya ni baridi, khalas."

Koti lenyewe alishonewa na fundi wa Satwa kwa kuonyeshwa picha ya gazeti. Lilimkaa vizuri, sikatai. Alionekana kama waziri aliyepotea njia.

Tukapanda metro. Kituoni kwenyewe hakuna joto, lakini kufika kituoni kulitosha: jasho lilikuwa limeshaingia kwenye skafu. Ndani ya behewa watu walisogea mbali naye kama mgonjwa. Dada mmoja Mkenya, begi la kazi mapajani, alimtazama juu mpaka chini.

"Kaka, umetoka kwa friji ama ndio unaingia?"

"Dada, shughulika na yako."

"Yangu iko sawa. Nasikitikia hiyo kwapa."

Nilimrekodi akiwa ameegemea dirisha, anatazama nje kwa huzuni ya watu wenye pesa. Kila tangazo la Kiarabu lilipoanza nilisimamisha, likiisha nikaendelea. Tukashuka, tukachukua basi la Jumeirah mpaka lile soko lililojengwa kama mji wa Italia.

Mji gani ule! Madirisha yana mapazia, nyuma yake hakuna mtu. Vibaraza vimejipanga huko juu, wala hakuna hata soksi moja iliyoanikwa. Napoli niliyoijua mimi ilinuka samaki na mkojo wa paka, na wanawake walitukanana kutoka ghorofa hadi ghorofa. Hapa ukuta umepakwa rangi uonekane wa zamani, chini yake wanauza simu. Na watu wanatoka mbali kuja kupigia picha uongo huu, wakautumie kwa wenzao kama zawadi.

Mlangoni alisimama mlinzi, Mnepali, amevaa sare kama ile ya Hesbon. Akamfungulia mlango. "Good morning, sir." Hesbon akapita bila hata kumtikisia kichwa. Hapo ndipo nilipomdharau kabisa.

Alitembea, mkono mmoja mfukoni, akasalimu "Buongiorno" kama nilivyomfundisha. Nyuma yake wakapita wanaume wawili wenyeji, kanzu nyeupe pe, vilemba kichwani.

"Rudia," nikamwambia. "Waarabu wameingia kwenye picha."

"Siwezi, mzee. Nitazimia." Akaituma vilevile.

Jibu la Mzee Lawrence lilikuja kabla hatujafika Satwa, la sauti. Hesbon akalifungulia ndani ya basi.

"Mwanangu! Nimekuona! Koti hilo ni la mtu wa maana. Na nimewaona mapadre nyuma yako, wamevaa meupe kama Baba Mtakatifu mwenyewe! Hao uwe karibu nao. Wazee wako waje Jumapili."

Hesbon akapiga kofi kiti cha mbele, abiria akageuka. "Umesikia, mzee? Mapadre!"

Nilisikia. Huyo katekista angemwona ngamia angesema ni punda wa Bethlehemu.

Halafu ikaja sauti ya Milly. Haikuwa na kelele.

"Hesbon, hapo nilikuwa napeleka mtoto wa madam wangu kila Alhamisi kula aiskrimu. Mimi nilimwambia baba wewe husemi uongo. Sasa nimekuwa mwongo mimi. Mtumie nyingine leo, umevaa sare yako, umwambie uko wapi. Nitasimama na wewe hata akinifukuza. Usipomtumia, wazee wako wasije kwa ajili yangu."

Nikamwambia, "Tushuke hapa, uvue hilo gunia, nikurekodi sasa hivi."

Akaikaza skafu shingoni. "Mzee, amekubali. Baba yake amekubali! Milly atapoa tu. Wanawake hupoa."

"Mwanamke amekwambia la kufanya."

"Wewe hujaoa, utajua nini?"

Hakutuma. Jumapili wazee wake walifika kwa Mzee Lawrence na soda na mkate, wakapokelewa kwa nyimbo. Milly hakuwepo. Alikuwa ameondoka alfajiri kwa shangazi yake Eldoret, na mwaka uliofuata akaolewa huko na fundi wa baiskeli.

Mzee Lawrence bado humtumia Hesbon salamu, anamwita mwanangu wa Roma, anaomba mapadre wamwombee mguu. Naye Hesbon anakaa kitandani kwake juu, miguu inaning'inia karibu na kichwa changu, anamjibu kwamba amewafikishia, na kwamba huku kumeanguka theluji.