Kidole cha Mwenyekiti

Mambo yaliharibika Jumamosi ya fainali, tarehe tisa Juni, mchana kweupe. Goti la mpinzani lilimpata mpwa wa Nyundo kwenye paji la uso, likalia kama ukuni mkavu unaopasuliwa. Kijana alianguka kifudifudi, akajizoazoa, akaanza kutembea kuelekea upande wa wapinzani.

Nyundo, kocha wake, alimkimbilia akichechemea. Mchezo wa raga ulikwisha kumla magoti, sikio moja na meno ya mbele. Kilichosalia kilikuwa hasira, na hasira ile ilikuwa na wenyewe. Siku mkewe alipofariki akijifungua, yeye alikuwa mechini ugenini. Wakubwa wa klabu waliikalia habari ile mpaka kipenga cha mwisho, wasije wakampoteza mchezaji. Walimpongeza kwanza, ndipo wakampa pole. Tangu hapo hata mvua ikiharibu mazoezi, aliwalaani wakubwa.

"Matokeo?" aliuliza, akimshika kijana kidevu. Ndilo swali wanaloulizwa waliogongwa kichwani.

Mchezaji mmoja aliyesimama karibu akinywa maji alimnong'oneza kijana jibu huku chupa ikimficha midomo. Nyundo aliijua hila ile. Ndiyo iliyomweka uwanjani miaka yote aliyocheza.

"Kumi na saba kwa kumi na tano, Mjomba. Tunaongoza."

"Na macho mbona yanaogelea?"

"Yanatafuta mchumba, Mjomba."

Wenzake wakacheka. Kule jukwaani, mwenyekiti wa klabu aliinua kidole, akakizungusha: arudi. Nyundo alikitazama kidole kile kwa chuki. Kisha akakiachia kidevu cha kijana.

Ikaja skramu, wanane kwa wanane, vichwa vimezamishwa mabegani mwa wenzao, wakisukumana kama mafahali. Ikaporomoka. Wote waliinuka isipokuwa mmoja. Shingo yake ilikuwa imelala vibaya, na damu ya pua ilikuwa ikichora tope.

Nyundo hakumwendea. Alipanda jukwaani akiruka viti, akamkwida mwenyekiti, akampiga kichwa cha pua, kisha ngumi, kisha ngumi tena, huku akilitaja jina la mkewe. Meno yalimwagika. Yule mtu alikwisha kulegea, naye bado anapiga, maana kuacha kungekuwa kugeuka na kutazama uwanjani. Askari wanne ndio waliombandua.

Jioni, kwenye korido ya hospitali, dada yake Nyundo, mama wa kijana, alisimama kati ya wanaume wawili: mmoja na pamba mdomoni, mwingine na pingu. Nyuma ya mlango, mashine ilikuwa ikimpumulia mwanawe.

"Mimi niliinua kidole tu," mwenyekiti alisema kwa taabu. "Kocha ni huyu."

"Unawasikia wakubwa, dada?" Nyundo akaanza. "Hawa ndio walio..." Safari hii maneno aliyoyazoea yalikuwa makavu, kama ya kuazima.

Dada yake hakupandisha sauti.

"Hao nawajua, kaka. Wewe ulimrudisha kwa nini?"